Bundi wa Kijivu: mzungu aliyejifanya mwenyeji wa pori ili asikilizwe

Tarehe 13 Aprili 1938, katika hospitali ya mji mdogo wa Prince Albert huko Kanada, alikufa kwa homa ya mapafu mwanaume mmoja wa miaka 49. Dunia ilimjua kwa jina la Grey Owl, maana yake Bundi wa Kijivu. Alikuwa na nywele ndefu zilizosukwa, nguo za ngozi ya mnyama, na uso mwembamba usiocheka ovyo. Vitabu vyake vilisomwa Ulaya na Marekani. Miezi minne tu kabla ya hapo alikuwa amesimama mbele ya mfalme wa Uingereza akimweleza habari za wanyama na misitu. Alisema baba yake alikuwa mtu wa Scotland, mama yake Muapache, na kwamba yeye alizaliwa Mexico.

Siku ileile aliyokufa, gazeti dogo la kaskazini mwa Ontario, North Bay Nugget, lilitoa habari kwamba mtu huyu hakuwa mwenyeji wa asili wa Amerika hata kidogo. Alikuwa mzungu, Mwingereza, jina lake Archibald Belaney, mzaliwa wa mji wa Hastings ulioko pwani ya kusini ya Uingereza. Kwanza watu walikataa kusadiki. Mchapishaji wake wa London, Lovat Dickson, alisimama kumtetea. Lakini waandishi habari wa Uingereza walienda Hastings, wakawakuta shangazi zake wazee waliomlea, na maneno yakaishia hapo.

Wapendwa wasikilizaji na wasomaji wetu, nimeleta habari hii ya mbali kwa sababu inatugusa kwa njia mbili. Sisi watu wa Kivu tunaishi kando ya parke. Kila wiki tunasikia mtu fulani akisema kwa jina la msitu, na mara nyingi mtu huyo hakuzaliwa karibu nao. Halafu kuna lile swali la nani mwenyeji na nani mgeni. Wengi kati yenu mmelala chini ya hema kwa sababu yake, kwa hiyo sihitaji kulieleza sana. Mzungu huyu alilijibu kwa uongo, na uongo huo ukamfungulia milango yote. Wale ambao walikuwa wenyeji kweli, milango ilibaki imefungwa.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Archie Belaney alizaliwa tarehe 18 Septemba 1888. Baba yake alikuwa mlevi na hakumlea. Mama yake alikuwa msichana mdogo. Kijana akabaki mikononi mwa bibi yake na shangazi zake wawili, Ada na Carrie, wanawake wakali wa kusali na kufundisha piano. Mtoto alikuwa mpweke. Alifuga nyoka na vyura, alicheza peke yake kwenye vichaka, na alisoma kila kitabu kuhusu wale ambao wazungu waliwaita Wahindi Wekundu. Jina hilo lilitokana na kosa la Kolombo, aliyefikiri amefika India. Leo huko Kanada wanajiita Mataifa ya Kwanza, na kila taifa lina jina lake: Waojibwe, Wakri, Wamohawk, na mengine mengi.

Walimtafutia kazi kwenye kiwanja cha mbao. Alirusha baruti ndani ya bomba la moshi la ofisi, akafukuzwa. Mwaka wa 1906, akiwa na miaka 17, shangazi walimruhusu apande meli aende Kanada.

Alifika kwenye Ziwa Temagami, Ontario ya kaskazini, nchi ya maziwa na miti ya msonobari, baridi kali miezi mingi ya mwaka. Huko walikaa Waojibwe kwenye kisiwa kinachoitwa Bear Island. Archie hakujua chochote. Hakujua kutembea juu ya theluji, hakujua kuendesha mtumbwi wa huko, hakujua kutega. Waojibwe ndio waliomfundisha. Mwaka wa 1910 alioa msichana wa kisiwa hicho, Angele Egwuna, na wakazaa binti. Angele hakusema Kiingereza sana, na Archie alijifunza Kiojibwe kutoka kwake na jamaa zake. Kila alichokuja kukijua kuhusu pori, mwalimu wake wa kwanza ni familia ya mkewe.

Halafu akamwacha. Hili wanaomsifu hulipita haraka, mimi sitalipita. Alimwacha Angele na mtoto, akaenda kukaa mji wa Biscotasing, akaishi na mwanamke mwingine aliyezaa naye mtoto wa kiume na kufa kwa kifua kikuu. Mwaka wa 1915 akajiandikisha jeshini kwa ajili ya vita vya kwanza vya dunia, vita vilevile vilivyowabebesha babu zetu mizigo ya Force Publique mpaka Tabora mwaka wa 1916. Archie alikuwa mlenga shabaha kule Ulaya, akajeruhiwa mguuni mwaka huohuo wa Tabora. Akiwa anatibiwa Uingereza alioa mwanamke wa Hastings, na Angele hakuwa amepewa talaka. Mwaka wa 1917 alirudi Kanada peke yake. Mwanamke wa Hastings alipojua ukweli, aliomba talaka.

Ni baada ya vita hivyo ndipo uigizaji ulianza kuwa mzito. Alipaka nywele rangi nyeusi. Alianza kusema mama yake alikuwa Muapache. Alitunga ngoma ya vita na kuicheza mbele ya watu. Waojibwe wa huko waliomuona walijua kwamba ngoma hiyo si yao wala ya mtu yeyote. Lakini hawakumkemea, mtu wa pori aliyechanganyikiwa na vita na pombe, wacha acheze.

Mwaka wa 1925 alikutana na msichana wa miaka 19, Gertrude Bernard, wa ukoo wa Kimohawk, ambaye anajulikana zaidi kwa jina la Anahareo. Yeye ndiye aliyegeuza maisha yake, na kwa maoni yangu ndiye mhifadhi wa kwanza katika habari hii yote.

Hapa lazima nieleze kuhusu mnyama. Wazungu wanamuita biva. Mfikirieni ndezi, lakini mkubwa kama mbwa, mkia bapa kama mwiko wa kusonga ugali, meno ya mbele yenye rangi ya chungwa yanayokata mti mzima. Biva anaishi majini. Anakata miti, anaipanga kwenye mto pamoja na matope, maji yanajaa nyuma yake, na nyumba yake inasimama katikati ya bwawa hilo ambamo mbwa mwitu hamfikii. Maji yale yanayokaa yanalisha samaki, ndege, na wanyama wakubwa wanaokuja kunywa. Mahali ambapo biva ameondolewa, bwawa linabomoka na bonde linakauka.

Kwa bahati mbaya, manyoya ya biva yalikuwa mazuri kwa kutengeneza kofia za matajiri wa Ulaya. Tangu miaka ya 1600 biashara hiyo iliijenga Kanada kama vile pembe na mpira vilivyoijenga kwa damu nchi yetu wakati wa Leopold. Mwanzoni mwa karne ya 20 biva walikuwa wamekwisha sehemu nyingi. Watega wengi wa kizungu waliingia na reli, wanamaliza bonde moja, wanahamia jingine.

Archie naye alikuwa mtega, na hakuwa na huruma zaidi ya wengine. Anahareo alifuatana naye porini na kuona wanyama wakifa polepole kwenye mitego ya chuma. Alimwambia wazi kwamba hawezi kuvumilia. Mwaka wa 1928 Archie alitega biva jike kwenye nyumba yake ya maji. Baadaye wakasikia sauti kama za watoto wachanga. Ni watoto wawili wa yule jike, wanalia njaa. Archie aliinua bunduki. Anahareo akasema hapana, tuwachukue. Wakawabeba kwenye mtumbwi, wakawanywesha maziwa, wakawapa majina ya McGinnis na McGinty. Wale wawili walilala kitandani nao, walitafuna miguu ya meza, walijenga vizuizi mlangoni kwa kuni za watu. Archie akaapa kutotega biva tena.

Hebu fikiri maana yake. Kwa mtega, kuacha kutega ni kama mvuvi wa Ziwa Kivu kuacha wavu. Atakula nini? Akaanza kuandika. Mwaka wa 1929 gazeti la Uingereza linaloitwa Country Life lilichapisha maandishi yake ya kwanza, na mwaka wa 1931 kikatoka kitabu chake cha kwanza. Sahihi yake sasa ilikuwa Grey Owl. Huku kwetu bundi akilia juu ya nyumba watu wanaanza kuuliza nani mgonjwa. Yeye alilichagua jina hilo, na likamletea bahati.

Idara ya parke za kitaifa ya Kanada ilimuona. Serikali ilitaka watalii, na mtu huyu mwenye misuko ambaye biva wanakuja akiwaita alikuwa tangazo kamili. Wakampiga filamu. Mwaka wa 1931 wakamwajiri, kwanza kwenye parke ya Riding Mountain katika jimbo la Manitoba, halafu mwaka huohuo wakamhamishia parke ya Prince Albert katika Saskatchewan, kando ya ziwa dogo linaloitwa Ajawaan. Walimjengea kibanda cha magogo ukingoni kabisa mwa maji, na biva wake wawili wapya, Jelly Roll na Rawhide, wakajenga nyumba yao nusu nje nusu ndani ya kibanda. Picha zipo: mzee wa misuko anaandika mezani, na kando yake rundo la vijiti na matope ambalo ni mlango wa biva.

Katika maandishi yake alisema jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni kwa watu wa miji: kwamba binadamu ni sehemu ya pori, si mmiliki wake, na kwamba msitu ukikatwa wote hakuna pesa itakayourudisha. Alisema vizuri. Sitamnyima hilo.

Kuanzia mwisho wa mwaka wa 1935 Lovat Dickson alimzungusha Uingereza. Alisema mbele ya watu zaidi ya mara 200, na inahesabiwa robo milioni ya watu walimsikia. Katika mji wa Leicester walikuwemo vijana wawili ndugu, Richard na David Attenborough. Richard alikuja kutengeneza filamu kuhusu Grey Owl mwaka wa 1999. David ni yule mzee wa filamu za wanyama ambaye mwaka wa 1978 alirekodiwa akiwa amekaa katikati ya gorila, upande wa Rwanda wa milima yetu ya Virunga. Kwa hiyo uzi unaofika mpaka huku kwetu upo.

Alipita pia Hastings, mji aliozaliwa. Ukumbi ulijaa. Kati ya wasikilizaji walikaa Ada na Carrie, shangazi zake. Walimtambua, na walinyamaza.

Mwezi wa Desemba 1937 aliitwa kwenye jumba la Buckingham. Mfalme George wa Sita alikuwepo pamoja na mkewe na binti zao. Mkubwa, Elizabeth, alikuwa na miaka 11, ndiye baadaye alikuwa Malkia kwa miaka 70. Mtoto wa Hastings aliyerusha baruti kwenye bomba la moshi akamhutubia mfalme wake mwenyewe kama mjumbe wa watu wengine. Kutoka hapo alikuwa amechoka sana, anakunywa, anasafiri kila siku. Aprili akafa.

Sasa tufike kwenye gazeti, maana hapa inanigusa katika kazi yangu mwenyewe.

North Bay Nugget hawakugundua siri hiyo siku ya kifo. Walikuwa nayo tangu mwaka wa 1935. Mwandishi wao alikuwa amezungumza na Angele Egwuna kule Temagami, na Angele alimwambia: huyu mnayemuita Grey Owl ni mume wangu, ni mzungu kutoka Uingereza, tumefunga ndoa. Mhariri alisoma, akafikiri, akaiweka habari kwenye droo. Aliona kazi ya mtu huyu kwa ajili ya wanyama ni nzuri, na kuitoa siri ni kuibomoa. Droo ikakaa imefungwa miaka mitatu.

Nimewauliza wenzangu wa redio wangefanya nini. Wengine walisema mhariri alikuwa na hekima, kwa sababu ukweli mwingine unaua watu na mwingine unaua kazi. Katika nchi ambayo jina moja likitajwa hewani nyumba inaweza kuchomwa usiku, najua ni kwa nini wanasema hivyo. Mimi mwenyewe nimeacha majina mengi bila kuyataja. Lakini hapa hakuna mtu ambaye angechomewa nyumba. Aliyelindwa ni mtu mwenye sifa na mshahara wa serikali. Aliyewekwa kwenye droo ni Angele, mwanamke Muojibwe aliyeachwa na watoto, ambaye kwa mara moja mwandishi alimuuliza na akajibu ukweli mtupu. Mwaka uleule ambao maneno yake yalifungiwa kwenye meza huko North Bay, kumbi za Uingereza zilianza kujaa watu wanaotaka kumsikia mwenyeji wa asili wa Kanada.

Na si Angele tu. Mwaka wa 1913 mtaalamu wa mila za watu, Frank Speck, alifika Bear Island na kuandika maneno ya Aleck Paul, chifu wa pili wa kisiwa hicho. Chifu alieleza kwamba kila familia ilikuwa na eneo lake la kuwinda linalojulikana. Ndani ya eneo hilo waliwajua biva wao. Waliua wadogo na kuwaacha wakubwa wazae, na wakubwa walipozeeka ndipo walipowaua nao, kama vile mkulima anavyochagua nguruwe wa kuchinja na kubakiza wa uzazi. Mzungu anayetega kwa biashara, alisema, yeye hana sababu ya kubakiza, kwa kuwa kesho atakuwa mahali pengine.

Maneno hayo yalitolewa miaka 16 kabla ya Grey Owl kuchapisha chochote, na yalitoka kwenye kisiwa ambako Archie alikuwa ameoa. Ndani yake kuna hesabu, kuna sheria ya ardhi, kuna mpango wa uhifadhi uliokamilika. Nani aliyasoma? Wataalamu wachache. Hakuna ukumbi ulioita watu 2.000 kuja kumsikiliza Aleck Paul. Watu wake waliomba ardhi yao itambuliwe tangu miaka ya 1800, na serikali ilikubali Bear Island kuwa ardhi yao rasmi mwaka wa 1971.

Jingine ni chungu zaidi. Nilisema serikali ilimwajiri kwanza kwenye parke ya Riding Mountain. Ndani ya mipaka ya parke hiyo, kwenye ukingo wa Ziwa Clear, kulikuwa na kipande cha ardhi cha Waojibwe wa Keeseekoowenin, walichopewa na serikali yenyewe kwa ajili ya uvuvi. Mwaka wa 1936 familia hizo zilifukuzwa na nyumba zao zikachomwa moto. Sababu ni parke. Mwaka wa 1936, wapendwa! Ni mwaka ambao Grey Owl, mfanyakazi wa idara hiyohiyo, alikuwa Uingereza amevaa nguo za ngozi na kusema kwa jina la watu hao. Serikali iliyolipa mshahara wa mwenyeji wa uongo iliwachomea nyumba wenyeji wa kweli. Walirudishiwa sehemu mwaka wa 1994, na sehemu iliyobaki miaka kumi baadaye. Wengi waliozaliwa kwenye nyumba zile hawakuwepo tena kuona.

Sisemi kwamba Archie ndiye aliyewafukuza. Hakuwa na madaraka hayo, na katika vitabu vyake aliomba wenyeji wapewe kazi ya kulinda misitu. Lakini mtu mmoja mwenye misuko anayependeza kwenye picha aliwarahisishia wakubwa kazi. Waliweza kuonyesha kwamba wanampenda mwenyeji, wakati huyo mwenyeji hana kijiji, hana chifu, hana mpaka wa ardhi anaodai. Yeye anadai biva tu. Mwenyeji wa namna hiyo anapendwa na kila serikali.

Wenyeji wenyewe hawakumhukumu wote kwa namna moja, na hili lazima niliseme ili niwe mkweli. Wazee wa Kikri wa Saskatchewan waliomuona akicheza ngoma yake walitambua kwamba si mtu wao, lakini baadhi yao walimwacha, kwa kuwa aliweza kufika kwenye ofisi ambazo wao hawakuruhusiwa kufika. Hiyo ni akili ya watu wanaojua hali yao. Ukiwa huna mdomo unaosikilizwa, unakubali hata wa kuazima. Anahareo naye, ambaye walikuwa wameachana mwaka wa 1936, aliambiwa habari ya Uingereza baada ya kifo, na alisema hakujua. Aliandika kitabu chake mwenyewe mwaka wa 1972, akaendelea kupigania wanyama mpaka uzeeni. Serikali ilimpa nishani mwaka wa 1983, akafa mwaka wa 1986. Amezikwa kando ya kibanda cha Ajawaan, karibu na yule aliyemdanganya.

Huku kwetu hakuna mzungu aliyepaka nywele rangi na kujiita Mutwa. Haikuhitajika. Mwaka wa 1925, mwaka ambao Archie alikutana na Anahareo, amri ya Mfalme Albert wa Ubelgiji iliunda parke ya kwanza ya kitaifa ya Afrika, ile tunayoita Virunga leo. Mwaka wa 1937, mwaka wa Buckingham, wakoloni walitangaza mlima Kahuzi kuwa hifadhi. Mwaka wa 1970 ikawa parke ya Kahuzi-Biega kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, mtu ambaye filamu zilimwonyesha akikaribiana na gorila. Batwa ndio waliojua gorila wanalala wapi na wanapita wapi. Walitumika kufuata nyayo. Katika miaka ile ya 1970, hasa parke ilipopanuliwa mwaka wa 1975, maelfu ya Batwa waliondolewa msituni bila fidia na bila shamba la kwenda kulima. Watoto wao wako leo kando ya barabara za Kalehe na Kabare, wanalimia watu wengine. Wakiingia kutafuta kuni au dawa wanaitwa waharibifu.

Kuna kilichobadilika kwenye karatasi. Tarehe 15 Julai 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za watu wa asili Mbilikimo. Mwaka wa 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba kuwafukuza Batwa wa Kahuzi-Biega kulivunja haki zao, na kwamba wanastahili kurudishiwa ardhi, kulipwa fidia na kuombwa radhi hadharani. Katika uamuzi huo mmetajwa pia ninyi msiokuwa Batwa bila kutajwa kwa jina, maana kila familia iliyohamishwa inaweza kuusoma na kuona hoja zinazofanana na zake.

Natambua hatari ya neno hili "mwenyeji". Katika Kivu limetumika kama panga. Wapo wanaolitumia leo kwenye simu na mikutano ili jirani yao aondoke, na sitaki habari yangu iwe kuni kwenye moto huo. Aleck Paul hakusema "sisi ni wa damu hii, ondokeni". Alisema: tunajua biva ni wangapi katika bonde hili, na tunajua wangapi watabaki mwaka ujao. Ujuzi wa namna hiyo uko kwetu pia, kwa Batwa, kwa Watembo, kwa Wahunde, kwa wavuvi wa Ziwa Edouard, kwa mama aliyelima miaka 30 chini ya parke na sasa yuko kambini anatuhumiwa kwa gunia la makala. Ila redio za mbali zikija, zinatafuta mtu wa kupiga picha naye.

Kwa hiyo tunaandaa mfululizo wa vipindi. Mwenye baba, mama au babu aliyezaliwa ndani ya mipaka ya Kahuzi-Biega au Virunga, anayekumbuka jinsi ukoo wake ulivyogawana msitu, miezi ya kuwinda na miezi ya kuacha, miti isiyokatwa na sababu yake, atutafute redioni au atume sauti kwa simu. Aseme kwa lugha yake, tutatafuta wa kutafsiri. Jina tutalitaja kama mwenyewe anavyolitaja, na kama anaogopa tutaliacha.